Jina Lako Liko Kwenye Lista ya Kungojea: Uende kwa Nani, Useme Nini?



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya karatasi moja. Ni ile inayobandikwa kwenye valve ya fakilte ya udaktari, kisha mtihani wa kuingia kusahihishwa. Vijana wanaijua. Wanasukumana mbele yake, kila mtu na kidole chake, wanatafuta majina. Juu kuna waliopokewa. Wale wasiopokewa hawaandikwi hata. Na katikati, mara nyingi, kuna majina machache chini ya maneno haya: lista ya kungojea.

Huyu wa katikati ndiye anayenifikia. Aliyepokewa anafurahi na kutafuta pesa ya minervali. Aliyekataliwa analia, kisha anatafuta njia nyingine. Lakini wa katikati hajui alie ao acheke. Na nyumbani kwake kila mtu ana shauri lake. Baba anasema, “Twende tuonane na mkubwa.” Mjomba anasema, “Tafuta dola mia mbili.” Mama anasema, “Twende kwa pasta, yeye anajuana na doyeni.” Kijana mwenyewe anabaki kimya, juu hakuna aliyemueleza lista ile ni kitu gani.

Basi tuanze hapo. Lista ya kungojea si “hapana”, na si “ndiyo” pia. Ni chuo kinasema: umefaulu kwa kiasi cha kutosha, lakini viti vimejaa, mtu akiachilia kiti chake, tutaita kwa kufuata namba. Na watu wanaachilia viti kila mwaka. Mmoja alifanya mtihani Goma na Bukavu, akapokewa fasi zote mbili, akachagua Bukavu. Mwingine alikosa pesa ya kulipa awamu ya kwanza. Mwingine familia yake ilivuka kwenda Uganda ao Burundi, akaanza masomo huko. Kila anayeondoka, namba moja inapanda.

Mambo haya si ya kwetu tu. Kule Tanzania, kijana anaweza kuomba vyuo mbalimbali, na akipata zaidi ya kimoja, Tume ya Vyuo Vikuu inamtaka athibitishe kimoja peke yake. Viti anavyoacha vinaingia katika awamu inayofuata. Marekani, aliyepokewa na vyuo vingi vya udaktari anaombwa abakize kimoja kufikia tarehe 30 Aprili, na tangu hapo lista za kungojea zinaanza kutembea. Ufaransa, tangu mwaka 2018, wanafunzi wanaoomba kwa njia ya Parcoursup wanaona kwenye simu zao namba yao katika kungojea, na wanaona inavyopungua siku kwa siku. Sisi hatuna simu ya kutuonyesha. Tuna valve, na mlango wa biro. Ndiyo maana ni lazima kujua namna ya kubisha mlango huo.

Jambo la kwanza: usome karatasi yenyewe mpaka mwisho. Vijana wengi wanasoma jina lao tu na kukimbia. Chini ya majina mara nyingi kuna maneno madogo: tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, biro ya kuonana nayo, karatasi za kuleta. Ukiwa na simu ya picha, piga picha ya tangazo lote. Kama hauna, andika katika kayee. Na kama tangazo linasema wazi kwamba wangojea wasije biro, wataitwa, basi utii. Hata kule Marekani iko hivyo: vyuo vingine vinapokea barua ya aliye kwenye lista, vingine vinasema mbele, “Msituandikie.” Anayeandika huko amekwisha kuonyesha kama hasomi maagizo. Na munganga asiyesoma maagizo ni hatari kwa mgonjwa.

Jambo la pili: ujue kila biro na kazi yake. Apariteri ndiye anayeshika dosie zako na kukuandikisha. Yeye atakuambia kama kuna karatasi inayokosekana. Sekreteri wa fakilte ndiye anayepokea barua zinazokwenda kwa doyeni. Doyeni ndiye mkubwa wa fakilte, na mbele yake barua yako itasomwa. Juu yao wote kuko sekreteri mkuu wa masomo wa chuo. Usianzie juu ukishuka. Mkubwa wa juu akipokea barua ambayo wa chini hawajaiona, ataituma chini, na wale wa chini watauliza, “Huyu anatushitaki nini?”

Na tafadhali, usimfuate profesa nyumbani kwake. Usimngojee njiani akitoka kanisani. Usimpigie simu saa tatu ya usiku kwa namba uliyopewa na mtoto wake. Biro iko kwa ajili ya kazi hiyo, na ina saa zake.

Jambo la tatu: barua. Iwe fupi, ukurasa mmoja usijae. Uandike kwa Kifaransa, juu ndiyo lugha ya biro zetu, na umpe mwalimu wako wa zamani asome makosa. Lakini uiandike wewe mwenyewe, kwa maneno yako. Wakubwa wanatambua mara moja barua iliyonunuliwa mbele ya posta. Kwa Kiswahili mambo yake ni kama haya:

“Bwana Doyeni, nilifanya mtihani wa kuingia katika fakilte yenu tarehe fulani. Jina langu ni fulani, namba ya dosie yangu ni hii, na niko kwenye lista ya kungojea, namba fulani. Ninawajulisha kwamba ningali natamani nafasi hiyo, na ikifunguka nitakuja kujiandikisha katika siku mtakazosema. Ninaongeza fotokopi ya karatasi ambayo haikuwa katika dosie yangu. Namba yangu ya simu ni hii. Na nisipopatikana, ya shangazi yangu hapa Goma ni hii. Asante kwa kunisoma.”

Imetosha. Ona mambo yaliyomo: wewe ni nani, uko wapi kwenye lista, ungali unataka, una jambo gani jipya, na unapatikana namna gani. Ona pia mambo yasiyokuwamo. Hakuna kulia juu ya umaskini, sababu wenzako wote kwenye lista wana shida zao. Hakuna kumsifu doyeni mistari kumi. Hakuna kumsema vibaya aliyepokewa.

Jambo jipya ni kitu gani? Ni karatasi ya kweli ambayo chuo hakikuiona: diploma ya Serikali iliyochelewa kutoka, buleteni ya darasa la mwisho, shahada ya kituo cha afya ambako ulijitolea miezi mitatu. Kama hauna jambo jipya, usitengeneze. Sema tu kwamba ungali unangojea. Na kama umeandikia vyuo viwili, usiambie kila kimoja kwamba ndicho peke yake moyoni mwako. Wakubwa wa vyuo wanajuana. Wengine wanafundisha Goma juma hili na Bukavu juma lijalo. Neno lako likikutwa na sura mbili, utaharibu fasi zote mbili.

Barua ifanywe kopi mbili. Moja unaiacha, ya pili wanapiga kashe na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Kashe hiyo ni ushuhuda wako. Kesho mtu akisema hakuna barua iliyofika, unaonyesha karatasi, bila kelele.

Kisha hapo ni mara ngapi kurudi? Mimi nasema hivi: barua moja; kisha juma moja ao mawili, safari moja ya kuuliza kwa heshima kama lista imetembea; kisha unarudi tu ukiwa na jambo jipya ao siku zile za mwisho wa kujiandikisha, maana ndipo viti vinaachwa zaidi. Mama sekreteri aliye pale mlangoni ana watu themanini kwa siku. Umsalimie, useme jina na namba yako, usikilize, ushukuru, uondoke. Anayekuja kila asubuhi hafanyi jina lake lipande. Anafanya lichukiwe.

Jambo la nne ni dogo, lakini nafasi nyingi zinapotea hapo: simu. Namba uliyoandika kwenye dosie ndiyo watakayopiga. Kama umebadili laini, uende kwa apariteri waandike mpya. Kama nyumbani kwenu kwenye machimbo hakuna reso, uache namba ya ndugu anayeishi mjini, na umuonye huyo ndugu asidharau namba asiyoijua. Sisi wa Goma tumeona namna mambo yanavyoweza kukatika ghafula. Mwezi Januari 2025 mji wetu uliingia mikononi mwa M23. Banki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, watu wakatawanyika na simu zao. Aliyekuwa na namba mbili kwenye dosie alipatikana kwa urahisi kuliko mwenye moja. Tena uulize mapema pesa ya kujiandikisha inalipwa wapi na kwa njia gani, usije ukaitwa Ijumaa na kutafuta njia ya kulipa Jumatatu.

Sasa nageukia wazazi. Baba, mama, nawaheshimu. Najua wengi wenu mnatoa pesa hii katika shimo, kwa maisha yenu. Ndiyo sababu nasema wazi.

Kila mwaka, mara tu lista inapobandikwa, kunatokea watu wanaojiita wasaidizi. Wanakaa kwenye kantini karibu na chuo. Wanasema, “Hapa bila kuwa na mutu, hauingie.” Wanataja jina la mkubwa fulani, wanaomba dola mia mbili, mia tatu, eti za kumfikia. Wengi wao mkubwa huyo hawamjui. Na wana ujanja huu: wanachukua pesa kwa watu kumi walio kwenye lista. Lista ikitembea yenyewe na majina matatu yakapanda, wanasema kwa wale watatu, “Mumeona kazi yangu.” Kwa wale saba wanasema, “Doyeni ameongeza bei.” Hivyo mzazi analipa kwa kitu ambacho kingekuja bure, ao analipa kwa kitu ambacho hakitakuja kamwe.

Na hata kama anvelope ingemfikia mkubwa kweli, tuulize: imefanya nini? Ninyi mnaouza koltani mnajua mizani. Mtu akiweka kidole juu ya sahani, zile gramu zilizoongezeka hazikuzaliwa pale; zimetoka katika jasho la mchimbaji mwingine. Lista nayo ni hivyo. Mtoto wako akitoka namba kumi na mbili na kuwa namba mbili kwa anvelope, kuna watoto kumi walioshushwa, na kati yao labda kuna yatima wa jirani yako. Sheria ya nchi yetu, ile ya tarehe 29 Machi 2005 iliyotengeneza upya kitabu cha makosa na adhabu juu ya rushwa, haimtazami mpokeaji peke yake. Mtoaji naye ana hatia. Kisha kuna sheria nyingine isiyoandikwa: aliyeingia udaktari kwa pesa atataka kupita kila mwaka kwa pesa, na siku moja mama yako mgonjwa atalala mbele yake kwenye meza ya upasuaji.

Nimesema pia watu wanakuja kwa pasta. “Pasta, pigia tu doyeni simu, ni mutu wa kanisa yetu.” Naomba mnielewe. Kuna kitu ninachoweza kufanya, nacho ninakifanya kwa moyo: chuo kikiomba ushuhuda juu ya kijana, ninaandika ninayoyajua, kwamba alifundisha watoto siku ya Yenga, kwamba alihudumia wagonjwa wakati wa kolera, na ninatia sahihi yangu. Karatasi hiyo inaingia katika dosie na kila mtu anaweza kuisoma. Lakini simu ya pembeni, hapana. Nikimpigia doyeni kwa ajili ya mmoja, nimempigia juu ya wengine wote, na wao pia wana pasta wao, ao padri wao, ao imamu wao. Doyeni akianza kusikiliza simu zetu, lista itakuwa ya wenye wachungaji walio na sauti kubwa.

Hapo kijana mmoja aliniuliza swali zuri. “Pasta, na yule mjane wa Luka 18, aliyemsumbua mwamuzi mpaka akamsikiliza? Si tunafundishwa kutochoka?” Ndiyo, tunafundishwa. Lakini tutazame mjane aliomba nini. Aliomba haki yake juu ya mtu aliyemdhulumu. Hakuomba kuchukua haki ya mjane mwingine aliyesimama nyuma yake. Na hakuja na anvelope.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kama uko kwenye lista ya kungojea kwa sababu wengine walipata alama zaidi, haki yako ni kungojea kwa namba yako na kuitwa ikifika. Hapo barua moja inatosha. Lakini kama kuna kosa, yaani alama zako zilijumlishwa vibaya, jina lako liliachwa, ao namba tano imeitwa na wewe namba nne ukarukwa, hiyo ni dhuluma. Hapo uwe kama mjane. Uandike barua ya kudai, katika siku zilizowekwa, ukionyesha karatasi zako. Usipojibiwa urudi. Ukikataliwa na wa chini upande kwa wa juu yake, daima kwa kashe na kopi. Kurudi mara nyingi kwa kudai haki si usumbufu. Ni kazi ya raia mwema, na inawalinda hata wale watakaokuja nyuma yako.

Neno la mwisho ni juu ya kungojea kwenyewe. Kungojea si kukaa. Nimeona vijana waliokaa mwaka mzima wakisema, “Nangojea medesini,” wanacheza karata mchana na kuangalia mpira usiku. Mwaka mwingine ukafika, na mtihani ukawakuta wamesahau kemia. Wakati lista inatembea polepole, weka mguu pengine. Kuna masomo ya uuguzi na ya maabara katika chuo cha ufundi wa afya, ISTM, hapa Goma. Kuna fakilte za sayansi. Uulize tu mbele ya kulipa kama chuo kina ruhusa ya Serikali, na kama pesa ya awamu ya kwanza inarudishwa ukiitwa kwingine. Na ukiwa umechagua pengine kabisa, uende uwaambie wa lista ile, “Ondoeni jina langu.” Ni safari ya dakika kumi, na nyuma yako kuna mtu anayesali upige hatua hiyo.

Mnamjua Dokta Denis Mukwege wa Bukavu, mtoto wa pasta, aliyezaliwa mwaka 1955. Ulimwengu unamjua kwa hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999, na kwa zawadi ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018. Wachache wanakumbuka kwamba alipomaliza sekondari mwaka 1974 hakuingia udaktari. Alikaa miaka miwili Kinshasa katika masomo ya uhandisi. Ni mwaka 1976 tu ndipo alipoanza udaktari, tena ng’ambo ya mpaka, Bujumbura, na akapata diploma yake mwaka 1983. Miaka miwili ile haikumzuia. Na wagonjwa wa Lemera na wa Panzi hawakumuuliza kamwe alikuwa namba ngapi kwenye lista.

Basi wewe uliye wa katikati, fanya hivi juma hili: soma tangazo lote, andika barua yako, pata kashe, hakikisha simu, kisha rudi kwenye vitabu. Wazazi, zile dola mia mbili mziweke. Mtoto akiitwa zitakuwa sehemu ya minervali, na asipoitwa zitamnunulia vitabu vya mwaka wa kurudia mtihani. Na mkutano wa vijana katika kila parokia usome majina ya wake walio kwenye lista na kuwatembelea, maana kungojea peke yako ni kuzito.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kijana aliyepokewa na ambaye hana pesa ya kulipa.

Pasta wenu